Pumzi Fupi ya Shemeji Yangu

Shemeji yangu ni fundi bomba na mtaani anaitwa Spana. Ukimwita nyumbani kwako kwa ajili ya bomba linalovuja, atakuja, atavuta kigoda, ataketi mbele ya bomba hilo na kulitazama. Atalitazama hadi uanze kujiuliza kama umemwita fundi au mgeni. Ataomba maji ya kunywa, ataulizia hali ya watoto, atalitazama tena. Kisha, kabla hujamaliza kupiga miayo, atainuka, atakaza hapa, atalegeza pale, atagonga mara moja, na bomba litanyamaza. Halafu ataketi tena na kuhema kama mtu aliyebeba nyumba.

Hivyo ndivyo alivyoyaendesha maisha yake yote. Mke wake alimwona mwanzoni mwa wiki, akamposa kabla wiki haijaisha. Nyumba yake aliijenga kwa kasi iliyotutia sote wasiwasi, msingi, kuta na paa, kisha akapumzika, na mapumziko hayo bado yanaendelea: chumba cha wageni hakijapata mlango hadi leo. Kina pazia la maua, na mgeni akilala humo hukohoa kila anaposikia nyayo za mtu.

Mimi ni kinyume chake, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kuwa kinyume chake maana yake ni kuwa bora kuliko yeye. Dada yake nilimchumbia taratibu mno, hadi marehemu baba mkwe akaniita kando na kuniuliza kama ninaoa au ninafanya utafiti. Stashahada yangu ya ualimu niliipata kwa masomo ya jioni, somo moja baada ya jingine, huku wenzangu wakiacha njiani. Ninafundisha baiolojia na kusimamia nidhamu. Mimi ndiye yule mtu ambaye akikuona umetupa karatasi barabarani ataiokota, atakufuata nayo, na kukurudishia kwa heshima. Wanafunzi wamenipa jina la Kiranja na wanadhani silijui. Mke wangu pia huniita hivyo, akidhani nimelala.

Kilichotuweka upande mmoja mimi na Spana ni mpira. Mtaa wetu una timu ya wakongwe, watu wazima wenye vitambi vya viwango mbalimbali, tunaocheza jioni katika kiwanja cha shule yangu. Nahodha ni mimi. Nilichaguliwa katika mkutano ambao mimi peke yangu nilifika kwa wakati.

Sasa lazima nieleze habari ya pumzi, kwa sababu ndiyo iliyoniumbua. Darasani huwaambia wanafunzi kwamba misuli ya mchezaji ina majiko mawili. Jiko la kwanza huwaka polepole na linahitaji hewa: mapafu yanaleta oksijeni, moyo unasukuma damu, na mtu anaweza kukimbia mwendo wa wastani kwa muda mrefu sana. Jiko la pili halisubiri hewa. Linawaka ghafla kwa akiba iliyomo ndani ya msuli wenyewe, linatoa moto mkali kwa sekunde chache, kisha linafifia, na mwenye nalo sharti apumzike ndipo liwake tena. Kiwanjani la kwanza tunaliita pumzi ndefu, la pili pumzi fupi. Mchezaji wa mpira anayahitaji yote mawili. Somo hilo nimelifundisha miaka na miaka, nimelitungia maswali ya mtihani, na nimewakata alama watoto wa watu walioandika kwamba jiko moja linatosha.

Lakini nilipotoka darasani na kuvaa bukta, nililitia somo hilo maadili ambayo hayakuwemo. Pumzi ndefu niliiona ni tabia njema. Mtu anayekimbia mzunguko baada ya mzunguko bila kulalamika, nilijiambia, huyo ana subira, hufika kazini mapema na hufunga geti akitoka. Pumzi fupi niliiona ni majivuno, ni kazi ya mtu anayetaka kuonekana. Na mtu wa pumzi fupi tuliyekuwa naye alikuwa Spana. Alicheza mbele. Sehemu kubwa ya mechi alitembea, mikono kiunoni, akiutazama mchezo kama anavyotazama bomba. Kisha, mara moja au mbili hivi, alichomoka. Jamani, alichomoka! Beki alibaki akimtafuta mtu aliyekuwa amesimama naye. Baada ya hapo Spana alirudi akitembea tena, nami niliyekuwa nimekimbia tangu mpira uanze, bila kuugusa mara nyingi, nilimpigia kelele.

"Shemeji, kimbia!"

"Nimeshakimbia, shemeji. Hukuniona kwa sababu ulikuwa unakimbia."

Watu walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, na niliendelea kukimbia.

Kila mwaka wakongwe hucheza mechi moja na chipukizi wa mtaa huohuo, yaani watoto wetu wenyewe. Chipukizi wanafundishwa na muuguzi wa zahanati, mama mkakamavu tunayemwita Sista. Mazoezi yake nilikuwa nikiyaona kila nilipokatiza katika mizunguko yangu: vijana wanatoka mbio kutoka koni hadi koni kama wanafukuzwa, kisha wanarudi wakitembea na kupiga soga, kisha wanatoka mbio tena. Kila nilipopita mimi, kwa bahati mbaya yao, walikuwa wanatembea. Nikatikisa kichwa kwa ajili ya kizazi hiki.

Mwaka uliotangulia kizazi hiki kilitufunga mabao ambayo sitayataja. Nilikwenda nyumbani, nikatafakari, nikapata chanzo cha maafa: wachezaji wetu hawakuwa na pumzi ndefu. Nikaitisha mkutano, nikafika wa kwanza, na wengine walipojikusanya nikatangaza sheria. Kabla ya mechi ya mwaka huu kila mchezaji atapimwa kwa filimbi. Tutakimbia kati ya koni mbili, kwenda na kurudi, tukifuata filimbi zilizorekodiwa ambazo zinazidi kukaribiana. Anayechelewa mara mbili anatoka. Anayetoka kabla ya kiwango nilichoweka hachezi, awe nani.

"Hata golikipa?" aliuliza golikipa wetu, ambaye ni fundi cherehani. "Golikipa anakwenda wapi hadi akimbie hivyo?"

"Hata golikipa."

"Hata nahodha?"

"Nahodha kwanza," nilisema, na nilijisikia vizuri sana.

Kisha nikaongeza jambo ambalo nilidhani ndilo lenye akili kuliko yote. Nikiwapima katikati ya wiki, mtu anaweza kupita, kisha akaenda kunywa Ijumaa. Kwa hiyo nitawapima siku ileile ya mechi, Jumamosi, asubuhi. Hapo hakuna wa kudanganya. Nimewasimamia wanafunzi kwa miaka mingi, nazijua njia za wadanganyifu. Njia za misuli, ambazo ndizo nilizosomea, siku hiyo sikuzikumbuka hata kidogo.

Wiki ile Spana alikuja nyumbani. Hakuja kwa bomba. Aliketi kwenye kochi, akaitazama meza kwa muda, nikajua kuna jambo. Mwanawe wa kiume, ambaye mtaani anaitwa Bisibisi kwa kuwa ni mtoto wa Spana, ni beki wa chipukizi. Nimemfundisha tangu akiwa mdogo, naye huniita Mwalimu hata akiwa mezani kwangu na mdomo umejaa. Timu ya mji mwingine, mbali, ilikuwa imemchukua. Angeondoka Jumatatu baada ya mechi.

"Shemeji," Spana alisema, "mimi na huyu kijana hatujawahi kuwa kiwanjani pamoja. Alipokuwa mdogo alikuwa mdogo mno. Alipokua, kila mechi hii ilipofika goti langu lilikuwa bovu. Sasa goti limepona na yeye anaondoka. Akirudi mimi nitakuwa mzee wa kukaa kwenye benchi nikinyonya machungwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hii mechi naitaka. Sitaki dakika zote. Nataka akinikaba, hata mara moja tu, tukimbizane. Nione kama kweli ni beki au ni mlango wa chumba changu cha wageni."

"Pita filimbi, utacheza," nilisema.

Alinitazama. "Unajua filimbi yako mimi siipiti."

"Fanya mazoezi."

"Kwa siku hizi zilizobaki?"

Nilimweleza habari ya kanuni. Nilimweleza kwamba kiongozi akianza kupindisha kidogo kwa ajili ya ndugu, kesho atapindisha kwingine. Yalikuwa maelezo mazuri, yenye utangulizi na hitimisho. Alisikiliza yote, akaomba maji, akanywa, akaondoka. Mke wangu alitoka jikoni akachukua glasi bila kunitazama.

Kabla ya Jumamosi nilikutana na Sista kwenye geti la shule.

"Mwalimu, nasikia mnapima pumzi Jumamosi."

"Ndiyo, Sista. Asubuhi."

"Na mechi ni jioni."

"Jioni."

"Ya Jumamosi hiyohiyo."

"Sista, nidhamu haina likizo."

Alinitazama kama wauguzi wanavyomtazama mgonjwa anayesema haumwi mahali popote. "Haya," akasema. "Basi kunyweni maji mengi."

Nilidhani ameingiwa na hofu.

Asubuhi ya Jumamosi tulipanga mstari. Fundi redio, winga wetu wa kulia, alileta spika. Filimbi za mwanzo zilikuwa za kutembea haraka tu. Spana alikosea tangu mwanzo, au ndivyo nilivyoona: kila filimbi alichomoka kwa nguvu zake zote, akafika kabla ya wote, akasimama mikono kiunoni akisubiri filimbi nyingine. Filimbi zilipokaribiana, muda wa kusimama ukapungua, kisha ukaisha. Alichelewa mara moja. Alichelewa mara ya pili. Alikuwa wa kwanza kutoka. Alikwenda kuketi kivulini kwenye ukuta wa choo cha shule, akamenya chungwa.

Wengine walitoka mmoja mmoja, wakihema na kunong'ona juu yangu. Waliopita kiwango walitosha kujaza timu na kubakiza wa akiba mmoja. Walipofikia kiwango waliacha, kama watu wenye akili. Mimi sikuacha. Sheria ilisema kiwango, lakini nahodha lazima awe mfano. Nilibaki peke yangu, nikikimbia kati ya koni mbili kama mtu aliyesahau kitu pande zote mbili. Timu nzima ilikaa kivulini ikinitazama. Nilisikia fundi cherehani akiuliza, "Anakimbilia nini sasa?" na mtu akamjibu, "Mwache, amewasha."

Nilipoanguka mwishoni, nilianguka kwa fahari. Kisha nikainuka, nikavuka kivuli, nikamfikia Spana.

"Hukupita, shemeji."

"Niliona."

"Natamani ingekuwa vingine."

"Hata zile dakika za mwisho? Watu wakiwa wameshachoka?"

"Nikikuruhusu wewe kwa kuwa ni shemeji yangu, watu watasema nini?"

"Watasema una shemeji."

Nilijifanya nafunga kamba za viatu. Alisubiri kidogo, labda akidhani utani wake utafanya kazi kama siku zote. Ulipokataa, uso wake ulitulia kwa namna ambayo sikuipenda. "Sawa," alisema. "Sheria ni sheria." Alinipa chungwa lililobaki akaondoka. Lilikuwa tamu, na sikulimaliza.

Nyumbani nilikuta chakula mezani na mke wangu amesimama mlangoni.

"Umemtoa kaka yangu."

"Filimbi ndiyo iliyomtoa."

"Hiyo filimbi inapulizwa kwa mdomo wa nani?"

"Imerekodiwa," nilisema, na hata mimi nilisikia jinsi jibu hilo lilivyokuwa la kijinga. Niliinuka nikaenda kuoga. Baadaye alinikuta kwenye ngazi za nyuma, mapaja yakiniuma.

"Mbona unashuka kinyumenyume?"

"Naangalia ukuta. Naona una ufa."

"Ufa upo," alisema, "lakini si ukutani."

Jioni kiwanja kilijaa. Kwa muda mfupi mwanzoni tulicheza vizuri, na nilimtazama Sista kwa jicho la mtu aliyethibitisha jambo. Yeye alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, ametulia. Kisha vijana wake walianza. Walikuja kama mvua ya ghafla, wakapita, wakarudi wakitembea, wakapumua kidogo, wakaja tena. Kijana akishapumua mara chache, jiko lake liko tayari. Hilo pia lipo kwenye vitabu vyangu, ukurasa nauona kabisa, wenye doa la chai. Sisi watu wazima tuna nguvu, lakini tukishaitoa tunahitaji muda wa kuikusanya. Na sisi tulikuwa tumeshaitoa yote asubuhi, kati ya koni mbili, kwa amri yangu.

Bao la kwanza liliingia huku beki wetu, mwashi mwenye mikono kama mihimili, akilitazama kwa huzuni kutoka mbali. "Nilitaka kukimbia," aliniambia. "Miguu ilikataa. Imesema ilishakimbia." Baada ya la pili msuli wa paja lake ulikaza, akatolewa, na wa akiba wetu mmoja akaingia, naye akiwa amechoka sawa na aliyetoka. Tangu hapo hatukuwa na mtu mwingine. Waliofeli asubuhi walikuwa wameshakwenda zao kwa hasira, isipokuwa Spana, aliyesimama kando ya mstari, amevaa shati lake la kazi lililofungwa vifungo hadi shingoni.

Mimi nilikuwa bado ninakimbia. Sikuwa ninafika popote, lakini nilikuwa ninakimbia. Mpira ukawekwa mbele yangu, wazi, karibu kabisa, mpira ambao mtoto wa chekechea angeuwahi kwa kuruka mara chache. Niliuambia mwili wangu uchomoke. Mwili ulifikiria. Hatimaye ulipoamua, misuli ya vigimbi ilikaza miguu yote miwili kwa pamoja, kama mtu aliyenipiga kabari kutoka chini, na nikaanguka kifudifudi mbele ya wanafunzi wangu, wazazi wao, mke wangu, na mkuu wa shule, ambaye huwa haji kwenye mechi lakini siku hiyo alikuja.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Bisibisi, mpinzani wangu. Alinigeuza, akashika mguu wangu mmoja, akasukuma vidole kuelekea kwangu ili msuli uachie. Mikono yake ni ya baba yake.

"Vuta pumzi, Mwalimu. Ndefu."

"Usinifundishe pumzi," nilisema nikisaga meno.

Aliendelea kusukuma. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, baba amevaa jezi ndani ya shati. Tangu asubuhi hajaivua. Mama alimwambia aivue ale chakula, akakataa."

Niligeuza kichwa. Kutoka pale chini nilimwona Spana kwenye mstari, na pale penye kifungo cha shingo nilikiona kipande cha kijani cha jezi yetu. Mtu mzima, fundi, baba wa watoto, amesimama kwenye jua na nguo mbili kwa ajili ya jambo ambalo nilikuwa nimemnyima kwa maelezo yenye utangulizi na hitimisho.

Mwamuzi wetu, dereva wa lori asiyependa kupoteza muda, alisimama juu yangu. "Mwalimu, unabaki au unatoka?"

"Natoka."

"Anaingia nani?"

Kila mtu alimtazama Spana. Spana alitazama mawingu.

"Shemeji," niliita, "ingia."

"Mimi? Mimi sikupita filimbi."

"Najua. Ingia."

"Kwa sheria gani?" Alikuwa anasema kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayetaka tu kuelewa. "Usiniingize matatani, shemeji. Nikiingia, nitakuwa nimevunja sheria yako mbele ya watoto uliowafundisha sheria. Watu watasema nini?"

"Watasema nina shemeji!"

Hapo kiwanja kizima kikacheka, hata mkuu wa shule. Lakini Spana hakuingia. Alikuwa anasubiri, na nilielewa anasubiri nini, nacho kilikuwa haki yake. Kumwingiza kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa sasa namhitaji, kungekuwa ufisadi uleule niliomhubiria sebuleni kwangu. Kulikuwa na njia moja tu ya kunyooka, nayo ilipita juu ya kichwa changu.

"Sivunji sheria," nilisema. "Naifuta. Ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Nilipima kitu kimoja, nikadhani nimepima watu."

"Sikusikii vizuri. Zile filimbi za asubuhi zimeniziba masikio."

"Naifuta!" nilipiga kelele, nikiwa nimelala chali, mguu mmoja mikononi mwa mpinzani. "Sheria yangu ilikuwa ya kipumbavu, naifuta!"

Spana alifungua vifungo, akavua shati, akamkabidhi dada yake, akaingia.

Nilibebwa hadi kwenye nyasi za pembeni, na mechi iliyobaki niliitazama kutoka kwenye kimo cha panya. Kwa muda Spana hakufanya lolote. Alitembea. Aliweka mikono kiunoni. Bisibisi alikuja kusimama mgongoni kwake, na niliwaona wakisemezana bila kutazamana.

"Mzee, umekuja kutembea?"

"Nakagua kwanza. Naona kuna mahali panavuja."

"Wapi?"

"Hapo ulipo wewe."

Fundi cherehani aliokoa mpira, akaupiga mbele kwa hasira zote za golikipa aliyekimbizwa asubuhi. Ukapaa, ukadunda katikati ya uwazi. Na shemeji yangu akachomoka.

Nimefundisha habari ya jiko la pili kwa miaka mingi, lakini nilikuwa sijapata kulitazama. Hatua ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyekaa, ya pili ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Bisibisi, ambaye kuna timu iliyokuwa inamsubiri, aliachwa. Si sana, kwa bega tu, lakini aliachwa, na kiwanja kizima kikaona. Spana aliuwahi mpira, akamkuta golikipa wa chipukizi amemtokea, akaugusa kwa ncha ya kiatu ukapita kando yake. Kisha pumzi ikamwishia hapohapo, akaanguka kwa magoti, akabaki anautazama mpira ukijiviringisha polepole kuelekea golini.

Hakuwa na cha kuongeza. Lakini mwanawe alikuwa nacho. Kijana yule alikuwa ameshapitwa, ameshapunguza mwendo, na mimi, mtaalamu, niliamini amekwisha. Akavuta pumzi kama mbili hivi, akawaka upya, akampita baba yake aliyepiga magoti, akajitupa kwa kuteleza, akauondoa mpira juu ya mstari wenyewe. Wote wawili walibaki chini, mmoja ndani ya goli ameshika nguzo, mwingine nje.

"Nimekuacha!" Spana alipaza sauti, akihema.

"Na mimi nimeutoa!"

"Lakini nimekuacha!"

"Umeniacha, mzee. Nakubali."

Spana alicheka mlipuko mmoja, kama anavyocheka siku zote. Kisha hakunyamaza kama kawaida yake, aliendelea, na kijana akatambaa kutoka golini akamlalia baba yake mgongoni huku mwamuzi akiwapigia filimbi waondoke uwanjani au wacheze. Tulifungwa. Vijana waliongeza bao jingine wakati Spana bado anakusanya pumzi zake. Kwa mara ya kwanza tangu niwe nahodha, sikuwa na hotuba baada ya mechi. Sista alinipitia, akaniwekea chupa ya maji kifuani, akaenda zake. Ningependelea anicheke.

Kwa kuwa miguu yangu ilikuwa bado haijaniamini, nilirudishwa nyumbani kwenye mkokoteni wa kazi wa Spana, nikiwa nimelazwa kati ya mabomba na tangi dogo la choo la plastiki. Baba alishika mpini mmoja, mwana mwingine. Walisukuma mbio hadi kona, mabomba yakinigonga mbavu, kisha wakasimama wapumzike na kubishana nani aliyemwacha nani. Kisha mbio tena. Kinywani nilikuwa na ushauri mzuri kuhusu mwendo wa wastani usiobadilika, ambao huokoa nguvu na pia mbavu za abiria. Nikaumeza. Kwa mwendo wangu tungefika baadaye sana, na wangekuwa na kona chache za kusimama pamoja.

Mke wangu, aliyetutangulia, alifungua geti akakuta mzigo.

"Haya, dada," Spana alisema, "mume wako huyu hapa. Tumejaribu kumtengeneza."

"Amepona?"

Spana aliinama, akanitazama usoni kama anavyotazama kazi yake, bila haraka. Bisibisi naye akaangalia, kisha kwa heshima akageuza macho upande wa ukuta wenye ufa.

"Karibu apone," Spana alisema. "Bado anavuja kidogo."

Nilisema ni jasho.